Ushuhuda Alioukataa Stephania

Rubwera, Kyerwa
22 Septemba 2024

Dada yangu Stephania,

Shikamoo dada. Hapa kwangu sote tu wazima. Mke wangu Benadeta anakusalimu. Kile kikohozi kilichomsumbua wakati wa kiangazi kimemwachia tangu mvua ianze. Binti yetu Ainebyona yuko kidato cha nne, mwezi wa kumi na moja anafanya mtihani, na siku hizi anasoma hata akiwa anamenya ndizi. Maharage tumeshapanda. Vipi huko Ndama? Binti yako Mackrine amejifungua salama? Na ile mibuni ya nyuma ya nyumba aliyoipanda marehemu shemeji, bado inazaa?

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike mama, na yale ya msibani naomba tuyaache kulekule msibani.

Dada, Fidele, huyu anayenunua ndizi huko kwenu na kuzileta huku kwa pikapu yake, amenipa habari nikamwambia airudie mara mbili. Anasema pipa lako la gongo umelitoboa kwa shoka. Anasema hata mtumbwi wa kukamulia ndizi za rubisi umeupindua uani na kuku wanataga chini yake. Nilimwacha Fidele amesimama na mikungu yake, nikaingia kanisani peke yangu, nikakaa kwenye benchi na kulia kama mtoto. Tangu nibarikiwe kuwa mwinjilisti, miaka ishirini sasa, hakuna jina nililolitaja zaidi katika maombi kuliko lako.

Ndiyo maana nina ombi. Tarehe moja Januari mtaa wetu utakuwa na ibada ya shukrani ya mwaka mpya. Mchungaji wa usharika atakuja, na wageni kutoka mitaa mingine. Njoo, dada. Simama mbele ya watu useme ulikuwa wapi na Bwana amekutoaje. Najua uliolewa kwa Wakatoliki na unasali huko, lakini Mungu ni mmoja. Nimeshamwambia mchungaji na amefurahi sana. Benadeta anataka vipimo vyako akushonee gauni.

Jibu upesi, umpe Fidele.

Mdogo wako anayekupenda,
Eliud


Ndama, Karagwe
27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Eliud,

Marahaba. Barua yako niliipata siku ya tatu tu baada ya kuandikwa, kwa hiyo usimsumbue Fidele wa watu. Aliyechelewa ni mimi.

Mackrine amejifungua mtoto wa kike, mzito, ana sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mvua ni nzuri. Maharage yameota sawasawa isipokuwa kule bondeni ambako maji yametuama. Mnyauko umeingia kwenye kibanja cha migomba cha jirani, nami nimeng'oa migomba yangu minne ya mpakani kabla haujanifikia. Mibuni ya marehemu inazaa. Mpe pole Benadeta, na umwambie Ainebyona kwamba shangazi yake anasema amenye ndizi kwanza, kitabu baadaye, asije akajikata kidole cha kuandikia.

Sasa hilo lako. Ni kweli pipa limetobolewa. Ni kweli kuku wanataga chini ya mtumbwi. Lakini sitakuja kusimama mbele ya watu wako, na Benadeta asipoteze kitambaa.

Unasema ya msibani tuyaache msibani. Wewe unaweza kuyaacha, maana uliyasema. Mimi niliyasikia. Udongo wa mama ulikuwa bado mbichi ulipopaza sauti mbele ya Ndama nzima: "Mama yetu amekufa akiomba moshi wa gongo uzimike kwenye nyumba ya binti yake, na haukuzimika." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nimeshika mkono wa Mackrine. Nilitazama viatu vyako, mwinjilisti. Nikajiuliza kama wewe mwenyewe unakumbuka ulianzaje kuvaa viatu.

Kwa nini nimeacha kupika, ni jambo langu. Siyo mahubiri yako. Usijenge ibada juu ya kitu usichokijua.

Nakutakia kazi njema.

Dada yako,
Stephania


Rubwera, Kyerwa
10 Novemba 2024

Dada Stephania,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu kwa mtoto wa Mackrine. Kesho Ainebyona anaanza mtihani wake. Tumemwombea leo kanisani pamoja na wenzake sita. Benadeta hajambo. Bati za kanisa zimefika, na wiki hii mafundi wanaezeka upande wa madhabahu.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Kama maneno yangu kaburini yalikuumiza, basi nisamehe, ingawa nilisema kwa uchungu na kwa kutaka uokoke. Hayo ya viatu sijui uliyaandika kwa nini. Kila mtu duniani amesaidiwa na mwingine, na Mungu hutumia njia nyingi kumfikisha mtu alipo. Sioni faida ya kuyafukua.

Nina mashaka mawili. La kwanza, mchungaji ameshatangaza. Jumapili iliyopita alisema kwenye usharika kwamba mwaka mpya tutamsikia dada wa mwinjilisti wa Rubwera, mama aliyepika gongo miaka thelathini. Watu wanasubiri. Nitawaambia nini?

La pili ni gumu kuliandika. Fidele anasema kila Jumanne na kila Jumamosi unaondoka Ndama alfajiri na kikapu kichwani, unakwenda Ihanda kwenye nyumba ya mwanamume mmoja, kibarua, na unarudi jioni. Anasema watu wameanza kuongea. Wewe ni mjane, dada, na una wajukuu. Ukiwa umetoka shimo moja, usiingie jingine. Nakuuliza kama ndugu yako: huyo mtu ni nani?

Nasubiri.

Eliud


Ndama, Karagwe
24 Novemba 2024

Eliud,

Marahaba. Nimempa Fidele kopo la senene. Mwaka huu wameanguka wengi mpaka watoto wamechoka kuwanyonyoa mabawa. Nimewakaanga mwenyewe bila kuzidisha chumvi, kwa ajili ya kifua cha Benadeta. Ainebyona mwambie namuombea rozari nzima kila siku mpaka mtihani uishe.

Sikutaka kuandika haya. Lakini umeuliza huyo mtu ni nani, na umeuliza kwa namna ambayo nikinyamaza nitakuwa nimekubali. Basi soma ukiwa umekaa.

Anaitwa Hagenimana. Wazazi wake walitoka Burundi. Yeye amezaliwa hapahapa Karagwe. Ana mke, Uwingabire, na watoto watatu. Kazi yake ni kupogoa mibuni. Kwenye shamba la mzee Ta Methodius kule Ihanda ana siku zake mbili za kila wiki, Jumanne na Jumamosi, kwa miaka tisa. Ta Methodius anasema hajaona mkono kama ule, mti ukikatwa na Hagenimana mwaka unaofuata unainama kwa uzito.

Mwezi wa saba, kupogoa kukiwa kumesimama, alikuja huku Ndama kuvuna kahawa ya jirani yangu, akakaa mpaka mwezi wa nane. Jumamosi moja jioni walikuja watatu kwangu, yeye na wenzake wawili. Nilikuwa nimetoa gongo siku hiyohiyo. Niliipika kwa mikono yangu, sikuinunua kwa mtu, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Wenzake walikunywa kidogo kwa sababu walikuwa na safari. Yeye alikuwa amemaliza mkataba wake, ana furaha, anaimba. Alikunywa sana. Nami nilimmiminia.

Asubuhi nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya jirani. Jua lilikuwa limeshapanda, kahawa imeanikwa kwenye mikeka. Akaniambia, "Mama Mackrine, leo mbona ukungu haupandi?"

Eliud, hakukuwa na ukungu.

Nilidhani anatania. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake. Akaendelea kutabasamu akiangalia pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Wale wenzake wawili walitapika siku mbili, wakapona. Yeye tulimpeleka hospitali, nikakaa naye usiku na mchana mpaka mke wake alipofika. Daktari alisema pombe ile ilikuwa na sumu, imeua mishipa ya macho, na kwamba kilichokufa pale hakifufuki. Nilirudi nyumbani nikachukua shoka. Hivyo ndivyo pipa lilivyotobolewa. Hapakuwa na wimbo, wala hapakuwa na mwinjilisti.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nikasema, "Ni mimi. Ita watu." Akaita kikao, na Hagenimana akaletwa ameshikwa mkono. Wengine walitaka nipelekwe polisi na nilikuwa tayari. Nguo zangu nilishazifunga. Mwenyekiti akamuuliza, "Wewe uliyeumizwa unataka nini?"

Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya watu. Kisha akasema, "Kikombe nilikishika kwa mkono wangu. Polisi hawatanirudishia macho. Mimi nataka siku zangu mbili zisipotee. Zikipotea, watoto wangu hawali."

Nikasimama nikasema, "Hazitapotea. Nitazifanya mimi."

Watu wakacheka. Ta Methodius, mwenye shamba, alikuwa amekuja, akasema, "Mama wa miaka hamsini na minane, tena hajawahi kushika mkasi wa mibuni? Ataniulia shamba." Hagenimana akageuza uso kuelekea ile sauti. Akamwambia, "Mzee, macho atayaleta yeye. Kazi naijua mimi."

Basi ndiyo hivyo, mwinjilisti. Kila Jumanne na Jumamosi natoka alfajiri na kikapu cha ndizi na maharage. Namchukua nyumbani kwake, anashika bega langu, tunakwenda shambani. Anakaa chini ya mbuni, anapapasa shina, ananiambia, "Hapo kushoto kuna maotea matatu, acha lililo nene kuliko kidole gumba, mengine toa." Nami nakata. Wiki za kwanza nilikata vibaya mpaka Ta Methodius akaondoka shambani ili asione. Sasa hivi hanifuati tena kukagua. Malipo ya siku hizo anapewa Uwingabire mkononi mwake; mimi siyagusi.

Siku zangu nyingine nauza ndizi kwa huyohuyo Fidele mwenye maneno mengi, na nalima vibarua. Mimi niliyekuwa naajiri watu, leo naajiriwa. Mgongo unauma. Lakini nakwambia, na usinisahihishe kwa mstari wowote: sijawahi kutembea nimenyoosha shingo kama ninavyotembea Jumanne.

Sasa unataka nisimame Rubwera niseme, "Nilikuwa gizani, sasa naona." Mwanamume mmoja Ihanda haoni. Nitasemaje hivyo?

Na kwa kuwa leo nasema yote, niseme na hili. Baba alipokufa ulikuwa darasa la tano. Mama alikuwa mgonjwa. Ni nani aliyepika? Ulimaliza shule kwa rubisi, na ulisoma chuo cha Biblia kwa gongo, miaka mitatu, na viatu vyako vya kwanza vyeusi nilivinunua Kayanga nikiwa nanuka moshi mpaka muuzaji akasogea nyuma. Mama aliniomba nisiseme, usije ukaona aibu mbele ya wenzako. Sikusema. Sikudai, wala leo sidai. Dhambi yangu naijua, ina jina na ina watoto watatu. Ila usiyaite matope maji uliyonawia.

Stephania


Rubwera, Kyerwa
15 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne. Ainebyona amemaliza mtihani, anasema haukumshinda. Senene tulikula siku mbili, na Benadeta anakushukuru.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilimpa Benadeta aisome. Alipofika mwisho akaniuliza, "Ina maana si mama aliyeuza kahawa?" Dada, hata mke wangu nilimwambia kwamba mama ndiye aliyenisomesha kwa kahawa yake. Nimewaambia hivyo wote, mchungaji, wazee wa kanisa, vijana ninaowafundisha kipaimara. Nimelisema mara nyingi mpaka likawa kama kweli. Wakati mwingine nikihubiri juu ya wapika pombe nilikuwa napaza sauti zaidi, ili mtu asisikie kitu kingine.

Benadeta hakunigombeza. Aliikunja barua, akaniambia, "Ulimsema kaburini." Basi. Akaenda kupika. Maneno hayo mawili yamekaa nami karibu wiki tatu.

Sitakuomba tena uje. Nimemwambia mchungaji kwamba ushuhuda haupo. Akauliza sababu. Nikasema nitamweleza. Bado sijamweleza, na sikudanganyi, naogopa. Hapa watu wananiita baba. Nikiingia dukani, wanaovuta sigara wanazificha. Sijui watanionaje.

Nimekutumia mkasi mpya wa kupogolea, wa mpini mrefu, kwa ajili ya mgongo wako. Siyo malipo. Ni kitu nilichokiona dukani nikakufikiria.

Msalimie Hagenimana, kama haoni ubaya kusalimiwa na mimi.

Eliud


Ndama, Karagwe
23 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na Krismasi njema kwa nyumba yako yote. Mkasi umefika. Ni mzuri mno. Jumamosi Ta Methodius aliuomba kwa siku moja nikamnyima.

Naandika haraka maana nina ndizi motoni na Mackrine amekuja na watoto. Nisikilize. Nilisema yale kwa hasira. Sikuyaandika ili ukajivue nguo mbele ya watu. Mimi najua, mama alijua, sasa Benadeta anajua. Yatosha. Wewe unalisha kundi, na mtu akishaanza kukutilia shaka kwa jambo moja, atakutilia na kwa mengine. Mwambie mchungaji kwamba dada yako ni mgonjwa. Mgongo unauma kweli, hutakuwa umedanganya sana.

Mimi mwaka mpya nitasali na Hagenimana na Uwingabire. Zamani Hagenimana alikuwa mwanakwaya, sauti ya chini, ile inayobeba wengine. Tangu mwezi wa nane hajakanyaga kanisani, anasema hataki kuongozwa mkono mbele ya watu kama mbuzi wa sadaka. Wiki iliyopita nilimwambia, "Kila Jumanne unanishika bega mbele ya Ihanda nzima. Kanisani kuna nini?" Jana mke wake akanipigia kwamba amemwambia afue shati jeupe.

Nitakaa naye benchi moja. Watu wa kule wote wanajua mimi ni nani.

Watoto wanalia njaa. Kaa salama.

Stephania


Rubwera, Kyerwa
2 Januari 2025

Dada yangu Stephania,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Nakuandikia nikiwa nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Sikumwambia mchungaji kwamba unaumwa.

Jana kanisa lilijaa mpaka nje. Bati ni mpya, na mvua ndogo ilinyesha kwenye wimbo wa pili tukalazimika kuimba kwa nguvu. Mchungaji alihubiri. Ulipofika wakati wa shukrani akanitazama, akatangaza, "Mwinjilisti atatuambia kuhusu ule ushuhuda." Nadhani alitaka niombe radhi tu, tuendelee.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi; nikaikunja nikaitia mfukoni. Nikasema, "Dada yangu nilimwalika, amekataa, na amefanya sawa. Ushuhuda unaotakiwa hapa ni wangu." Kisha nikawaambia. Kwamba nimewadanganya miaka ishirini. Kwamba baba alipokufa, binti wa miaka ishirini na minne alikaa kwenye moshi ili mimi nikae darasani. Kwamba chuo cha Biblia nililipiwa kwa gongo, na nilijua, kwa sababu likizo mimi ndiye niliyekuwa namkatia kuni. Kwamba siku ya kumzika mama nilimwaibisha mbele ya watu kwa kazi ileile iliyonifanya niwe na kinywa cha kuhubiria. Nikasema, "Gongo ni mbaya. Imeharibu watu, na dada yangu anajua hilo kuliko mimi, na anafanya juu yake kazi ambayo mimi sijawahi kuifanya juu ya dhambi yangu yoyote. Lakini leo, mwaka ukianza, nataka mjue jina la aliyenisomesha. Anaitwa Stephania. Anakaa Ndama. Ninajivunia kuwa mdogo wake."

Hagenimana sikumtaja. Hilo si langu kulisema.

Watu wote walinikodolea macho. Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo hata hiyo haikunisaidia. Nikafikiri, basi, nimekwisha. Ndipo upande wa wanawake akasimama Ma Mukashema. Ni bibi, wazazi wake walikuja kutoka Rwanda, na tangu nije hapa hajawahi kusema neno kwenye ibada zaidi ya amina. Akasema, "Mwinjilisti, mimi nilipika miaka kumi na minane. Mwanangu ni mwalimu. Kila ukihubiri juu yetu, nilikuwa nainamisha kichwa na kumwomba Mungu mtoto wangu asijue kwamba ni mimi unayemsema." Akakaa. Akasimama mwingine. Kisha mwingine, wa kwaya. Dada, walisimama wanawake tisa. Hakuna aliyejisifia pombe. Kila mmoja alitaja mtoto wake na kile anachofanya, muuguzi, fundi, mmoja ni karani hapahapa ofisi za wilaya na alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele na tai yake. Yule karani aligeuka, akamwangalia mama yake. Akatoka kwenye benchi lake, akaenda kukaa naye.

Mchungaji alinyanyuka, nikajua sasa anakuja kunikalisha. Akasema, "Tusimame wote," akaanzisha wimbo. Baada ya ibada aliniita pembeni. Aliniambia, "Kwa uongo wako tutazungumza, na hayatakuwa mazungumzo mafupi. Lakini kabla ya hapo, kina mama hawa tisa umewahukumu miaka ishirini. Anza kuwatembelea." Jana jioni nilikwenda kwa Ma Mukashema. Alinipa kiti cha mume wake.

Nina ombi moja, na safari hii ukikataa nitakubali. Jumamosi ya tarehe kumi na moja sina ibada. Naweza kuja Ihanda? Sijui kupogoa. Lakini naweza kubeba matawi.

Mdogo wako,
Eliud


Ndama, Karagwe
12 Januari 2025

Mdogo wangu Eliud,

Marahaba. Natumaini ulifika salama jana na kwamba Benadeta ameona mikono yako. Paka mafuta ya mgando, malengelenge yatakauka baada ya siku mbili. Mtoto wa Mackrine anaota jino. Maharage tumeanza kung'oa.

Tulifanya kazi zaidi kuliko kuongea jana, na ulikuwa na haraka ya kuwahi gari, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo sikukwambia.

Habari za Rubwera zilinifikia kabla ya barua yako. Fidele alikuja tarehe mbili asubuhi, hakuniuliza hata bei ya ndizi. Alivua kofia. Alisimama pale uani akanisimulia yote, mpaka na tai ya karani, kisha akasema, "Mama, nisamehe, nilikuwa nasema vibaya juu ya safari zako." Nikamwambia apakie mikungu yake. Alipoondoka niliingia ndani nikafunga mlango. Nililia, ndiyo. Usimwambie mtu.

Nawe hukuniuliza ya kanisani kwetu, nadhani uliogopa. Hagenimana alikuja na shati jeupe. Tulipoingia, watu waligeuka, na nilisikia jina langu likipita kwenye mabenchi. Bega langu lilitaka kukimbia, lakini lilikuwa na mkono juu yake. Tukakaa. Wimbo wa kwanza hakuimba. Wa pili hakuimba. Kwenye wimbo wa shukrani nikasikia kitu kinatetemesha ubao wa benchi, nikafikiri ni gari linapita nje. Ilikuwa sauti yake. Kwaya ikasita kidogo ili impe nafasi. Uwingabire alifunika uso kwa khanga. Mimi nilitazama mbele tu.

Sijui kama Mungu amenisamehe. Padri anasema ndiyo. Mimi najua tu kwamba keshokutwa ni Jumanne na kuna mistari kumi na miwili ya mibuni upande wa mtoni haijaguswa.

Jana, ulipokwenda kuchota maji, Hagenimana aliniuliza, "Huyu ndiye mwinjilisti? Nilidhani ni mtu mkubwa mwenye sauti nzito." Nikamwambia ndiye. Akasema, "Amekata matawi mawili ya kuzaa, lakini ameuliza kabla ya kukata la tatu. Huyo anafundishika." Usikasirike. Mimi ilinichukua wiki nane kabla hajanisifia hivyo.

Ulipokuwa unavuka shamba na mzigo wa matawi kichwani, suruali yako ya ibada imejaa utomvu, Ta Methodius alisimama karibu nami akakutazama. Akasema, "Kumbe wewe ndiye dada wa mwinjilisti wa Rubwera."

Nilinyoosha mgongo wangu wote, pamoja na maumivu yake. Nikamwambia, "Hapana, Ta. Yule ndiye mdogo wake Stephania."

Dada yako